Koki Ifungwe Kwenye Chanzo

Katika mji kama Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, mtu anayefua kwa beseni na mpira uani, na yule aliyejaliwa kununua mashine ya kufulia, huonekana kuwa watu wa hali mbili tofauti. Hata hivyo, kosa lao ni moja. Kazi ikiisha, wa kwanza hukunja ncha ya mpira na kuifunga kamba, au huiacha ndani ya beseni. Wa pili huzima mashine akaenda zake. Koki ya bombani hubaki wazi. Wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Kwa mtazamo wa sayansi, si dogo hata kidogo.

Maji yaliyosimama hayakupumzika. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba huongeza kanieneo kwa kiasi kinachokaribia kile cha hewa ituzungukayo. Tangi likiwa mita 20 juu ya nyumba, kila sentimita ya mraba ya ndani ya mpira husukumwa kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 2. Mchana, watu wengi wanapoteka, sehemu ya kanieneo hiyo hupotea njiani kwa msuguano. Usiku, koki za majirani zikifungwa, hurudi kwa ukamilifu. Hivyo mpira hubeba mzigo mkubwa zaidi wakati ambapo hakuna aliye macho kuutazama.

Wapo wanaosema kwamba mashine ina vali yake. Ni kweli, lakini vali hiyo imo ndani ya mashine, mwisho wa mpira. Huzuia maji yasiingie kwenye pipa la nguo; mpira wenyewe haiupunguzii mzigo wowote. Aidha, hufunga kwa ghafla, na tangu mwaka 1898 Mrusi Nikolai Zhukovsky alikwisha kueleza jinsi maji yanayosimamishwa ghafla yanavyoligonga bomba kama nyundo. Mpira upigwao hivyo kila siku huchoka. Ukipasuka saa 2 asubuhi wenye nyumba wakiwa shambani, na maji yakatoka lita 10 kwa dakika, ifikapo saa 10 jioni zitakuwa zimepotea lita 4,800, yaani ndoo 240 za lita 20.

Hatari ya pili si ya hasara bali ya afya. Maji ya mgao yakikatika, yaliyobaki katika bomba kuu huteremka kuelekea mabondeni, na bomba huanza kuvuta. Mpira ulioachwa ndani ya beseni la mapovu, koki ikiwa wazi, huweza kunyonya maji machafu na kuyarudisha bombani. Mgao ukirejea, jirani ndiye atakayeyanywa.

Hudaiwa pia kwamba koki ifungwayo mara kwa mara huchakaa. Naam, kipande cha mpira kilichomo ndani yake hulika. Lakini hubadilishwa kwa gharama ndogo, tena koki huanza kudondosha maji kabla haijaharibika kabisa. Kinyume chake, koki isiyoguswa kwa miaka mingi huganda kwa kutu, ikakataa kufunga siku ya dharura.

Kwa hiyo mafundi hawana budi kuiweka koki mahali panapofikiwa kwa mkono, si nyuma ya mashine. Walimu wa fizikia nao wasiishie kwenye kanuni ya ubaoni. Wanafunzi wapewe ndoo na saa, wapime maji yatokayo katika bomba la shule kwa dakika moja, wayarudishe yanakotumika, kisha wazidishe hesabu hiyo kwa dakika za usiku mzima. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani jioni hiyo na kuifunga koki bila kuambiwa atakuwa ameielewa kanieneo kuliko yule aliyekariri maana yake.