BARAZA LA MWEZI: Jamvi Moja, Safu Moja

Mwezi huu baraza letu linataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tuliliona kabla hatujavuka bahari kuja Uingereza, ila hatukulitia sana maanani.

Kila aliyewahi kusafiri kwa barabara baina ya Mombasa na Nairobi anaijua Makindu. Mji ule mdogo wa Ukambani una hekalu la Makalasinga, au Masingasinga kama wengine wanavyowaita, lililojengwa mwaka 1926. Asili yake ni reli. Baina ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kuijenga njia ya gari la moshi kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na miongoni mwao walikuwamo maseremala na wahunzi wa Kisingasinga. Hadi leo msafiri wa dini yoyote huingia katika hekalu lile, akavua viatu, akafunika kichwa, akapewa chai, dengu na chapati, wala hadaiwi hata senti moja.

Mlo huo huitwa langari, nao una historia ndefu. Guru Nanak, mwasisi wa dini hiyo, aliyeishi baina ya 1469 na 1539, aliuanzisha huko Punjab, katika jamii ambayo watu wa tabaka la juu walijiona wamenajisika wakila pamoja na watu wa tabaka la chini. Guru wa tatu, Amar Das, aliyeongoza tangu 1552 hadi 1574, akaufanya kuwa sharti: anayetaka kuonana naye, kwanza aketi chini katika safu ale na wenzake. Masimulizi yao yanasema kwamba hata Akbar, mfalme mkuu wa Wamoghuli, alipokwenda kumzuru, aliketi chini akala pamoja na makabwela. Chakula chenyewe hakitiwi nyama, ili pasiwe na mtu atakayelazimika kukikataa kwa sababu ya dini yake.

Lakini kula ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko jikoni. Kazi za langari hufanywa kwa kujitolea, na utumishi huo, ambao wao huuita seva, huhesabiwa kuwa ni ibada. Katika Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, ambako makumi ya maelfu ya watu hula kila siku bila malipo, matajiri na mafukara humenya vitunguu bega kwa bega, na mwenye cheo husugua sahani asiyojua imeliwa na nani. Wanaume hukanda unga na kusukuma chapati sawasawa na wanawake. Hata kazi ya kupokea na kupangusa viatu vya wageni, ambayo wengine wangeiona ni ya udhalili, huko hugombewa kuwa ni heshima.

Hapo ndipo penye funzo. Kumpa mtu ni jambo moja, na kuketi naye ni jambo jingine. Anayepokea kifurushi mlangoni hushukuru, akainamisha kichwa na kwenda zake. Aliyempa hurejea ndani akiwa yule yule, na ukuta baina yao umebaki pale pale. Katika langari huwezi kutambua nani ameletwa na njaa na nani ameletwa na ibada, kwa kuwa wote wameketi mkao mmoja na mbele yao iko sahani ya namna moja. Zaidi ya hayo, aliyekula leo anaweza kuinuka, akashika ndoo ya dengu, akawagawia wenziwe. Asiye na fedha ana mikono. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu tunaitumia methali hii kumsuta mgeni aliyezidisha kukaa. Ukiitazama kwa jicho jingine, jembe hilo ni heshima pia, kwani aliyeshikishwa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Sehemu ya desturi hii iliyopo hapa Uingereza ilipitia kwetu. Puran Singh, mcha Mungu aliyeishi Kericho hata akajulikana kwa jina la Kerichowale, alihamia Birmingham katika miaka ya 1970. Jumuiya aliyoiasisi, Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, ina hekalu lake katika mtaa wa Handsworth, na mwezi Julai 2004 ilikwenda mpaka Barcelona kuwalisha maelfu ya wajumbe wa Bunge la Dini za Ulimwengu, wakaketi chini viongozi wa dini mbalimbali pamoja na watu wa kawaida. Desemba 2020, mpaka wa Ufaransa ulipofungwa kwa ajili ya korona na maelfu ya madereva wa malori wakakwama Kent, Masingasinga walikuwa miongoni mwa waliowapikia na kuwapelekea chakula cha moto. Tukumbuke kwamba baadhi ya Masingasinga wa nchi hii ni watu waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, walipopewa siku 90 waondoke. Wanajua maana ya kufika ugenini mikono mitupu.

Tusiwapambe kupita kiasi. Matabaka hayakufutika miongoni mwao. Hapa Uingereza, kama vile Nairobi, yako mahekalu yanayoitwa kwa jina la Ramgarhia, yaani tabaka la mafundi. Jamvi moja peke yake halimalizi kazi. Hata hivyo, pasipo jamvi kazi hiyo haianzi.

Je, sisi? Jambo hili si geni kwetu. Nani katika watu wa pwani hajala pilau ya maulidi au ya hitima katika sinia moja na mtu asiyemjua? Lakini tazameni mikusanyiko yetu ya huku. Iko meza kuu yenye kitambaa na maji ya chupa, na viko viti vya nyuma karibu na mlango. Katika harambee majina husomwa pamoja na kiasi, na anayetoa pauni tano hutamani ardhi ipasuke. Akina mama wako jikoni tangu alfajiri, na akina baba wanazungumza siasa za nyumbani. Na ziko familia ambazo zimeacha kuja. Baba amepoteza kazi, au karatasi za ukaazi hazijatoka, na mama anaona haya kufika bila sufuria ya kuchangia. Hivyo wanaotuhitaji zaidi ndio tusiowaona, na sisi tunadhani hawapendi watu.

Kwa hiyo baraza hili linaleta mapendekezo matatu mbele ya mkusanyiko ujao. Kwanza, meza kuu iondolewe, sote tuketi safu moja, mwenye duka na aliyefika wiki iliyopita. Pili, kazi za jikoni na za usafi zigawanywe kwa kura, wanaume kwa wanawake, na pasiwepo wa kusamehewa kwa sababu ya cheo au mchango wake. Tatu, mchango uingizwe katika sanduku lililofunikwa, na kila familia iliyotoweka ifuatwe nyumbani, si kwa kifurushi, bali kwa maneno haya: “Tumekuja kuwaombeni mtusaidie kupika.”

Maneno hayo hayagharimu kitu, na yanamfungulia mtu mlango ambao kifurushi hakiwezi kuufungua. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo huonekana zaidi penye masufuria ya kuoshwa.

Tukijaliwa uhai, tuonane tena barazani mwezi ujao.