Mnyororo wa Mbuyu wa Bagamoyo



Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipohamia Bagamoyo kuwa karani wa parokia, nilidhani jembe langu ni kalamu na kitabu cha ubatizo tu. Kumbe lilikuwapo na jembe jingine, yaani kuujua mji wenyewe.

Jumapili moja baada ya Misa nilitembea na mwanangu wa miaka minane. Katika uwanja wa misioni upo mbuyu mkubwa sana. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliupanda mwaka 1868, mwaka ule ule waliofika hapa. Shinani kimetokeza kipande cha mnyororo. Sehemu nyingine imemezwa na mti.

Mtoto akauliza, "Baba, mnyororo huu wa nini?"

Nikajibu bila kusita, "Watumwa walifungwa hapa."

Mtoto akanyamaza, akarudi nyuma kwa hofu.

Mzee mmoja aliyekaa kivulini alitusikia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba. Bwana Karani, nani kakwambia hayo?"

Nikakosa jibu. Akasema, "Sisi wazee wetu walitusimulia hivi: mama mmoja wa Kizungu aliyetibu wagonjwa hapa misioni alimfunga punda wake kwa mnyororo huo. Ukasahauliwa, mti ukanenepa, ukaumeza. Watumwa walikuja hapa wakiisha kukombolewa."

Niliona haya. Chuoni tulikatazwa kufundisha tusilolijua. Nami nimemfundisha mwanangu mwenyewe jambo la kubuni, tena uwanjani pa kanisa!

Mzee akainuka akatuongoza. Akatuonyesha makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa vijana kwa homa. Akatueleza habari za Kijiji cha Uhuru, walikokaa waliokombolewa. Tukasimama mbele ya mnara wa kanisa la zamani, lililojengwa mwaka 1872. Humo uliwekwa mwili wa Daktari Livingstone mwezi Februari 1874. Alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba hata pwani, safari ya miezi mingi. Jina la Livingstone twalijua sote. Je, watoto wetu wanawajua Chuma na Susi?

Mwisho tukafika ufukoni, mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Wengine husema wapagazi walipofika hapa walitua mizigo, wakabwaga moyo, ndiyo asili ya jina Bagamoyo. Wengine husema ni watumwa waliobwaga moyo kwa kukata tamaa, maana mbele yao ilikuwa bahari na soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873.

Tukirudi nyumbani mtoto aliniuliza, "Kwa hiyo ulikosea, baba?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Nilikosea."

Ndugu msomaji, labda nawe umehamia ugenini kwa kazi, kwa shamba au kwa ndoa. Usiseme, "Hapa si kwetu, yanihusu nini?" Watoto wako wanakulia hapo, nao watakuuliza. Mchukue mtoto, nendeni kwa mzee wa mahali hapo. Muulizeni habari za mti, kisima, kaburi na jina la kijiji. Muulizeni pia yeye aliambiwa na nani. Yaandikeni katika daftari, pamoja na jina la msimulizi, kabla mzee hajaondoka duniani.

Tena msiongeze chumvi. Uchungu wa utumwa ni wa kweli, hauhitaji kuongezewa. Mtoto akigundua uongo mmoja, hata yaliyo kweli atayatilia shaka.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nimeuliza kwa kuchelewa. Ninyi ulizeni mapema.

Mungu awabariki.

Karani wenu