Ilani ya Takwimu za Kazi, Bukoba na Muleba

Sisi tunaotoa ilani hii ni wakulima wa kahawa na migomba, wavuvi na waanika dagaa wa visiwani, waendesha bodaboda, walimu, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, na baadhi yetu tulibeba vishikwambi vya sensa mwaka 2022. Vuguvugu letu lina madai mawili. Takwimu za kazi na kipato za Bukoba na Muleba zifunguliwe hadi ngazi ya kata, mtu yeyote azisome bila kubembeleza. Na jibu alilotoa mtu mmoja mmoja lifungwe kabisa, lisimfikie mwajiri wake, mtoza kodi, afisa uhamiaji wala jirani. Wapo wanaosema madai haya yanapingana. Sisi tunasema moja likikosekana, la pili nalo limekufa.

Tuanze na butura, maana nyumbani kwetu hakuna asiyeijua. Ada ya shule inadaiwa, kahawa bado iko mtini. Mwenye fedha anakuja, anampa mkulima kiasi kidogo leo, na mavuno ya mibuni ile yanakuwa yake. Serikali inaikataza butura na viongozi wa mkoa wameikemea miaka nenda rudi, lakini haijaisha. Sasa karani anaingia uani na dodoso lake: umevuna kilo ngapi, umeuza wapi, umepata shilingi ngapi? Pembeni, kwenye benchi, ameketi mwenyekiti wa kitongoji aliyemleta. Mkulima atajibu nini mbele ya mwenyekiti? Atasema ameuza kwenye chama cha msingi, kama inavyotakiwa. Jibu litaandikwa, litajumlishwa na mengine, litapanda hadi Dodoma, na mipango ya zao la kahawa itapangwa juu ya kipato ambacho mkulima yule hakukipata.

Kwa hiyo tunaanza na jambo dogo lisilo na gharama. Mwenyekiti akishamtambulisha karani, aondoke. Hata ndani ya kaya kuna haja hiyo. Mama anayeuza dagaa na kuweka fedha yake kwenye kikoba ana haki ya kuulizwa peke yake, mume akiwa mbali, naye mume vivyo hivyo. Kijana anayelala kwenye kambi ya wavuvi Goziba au Bumbire asiulizwe juu ya mgao wake huku mwenye mtumbwi akisikiliza. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 tayari inakataza kutoa taarifa inayomtambulisha mtu aliyehojiwa, na ni jambo jema. Lakini ulinzi wa sheria unaanzia pale jibu linapopokelewa. Kama jibu limesikika na watu watatu kabla halijaingia kwenye kishikwambi, hakuna kifungu kitakachoweza kulirudisha.

Kagera tuna sababu ya ziada ya kusisitiza jambo hili. Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga. Watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji wasio na vibali waliondolewa mkoani kwetu, Geita na Kigoma, na miongoni mwao walikuwamo vibarua waliopalilia vibanja vya migomba na kuchunga ng'ombe, wengine wakiwa wameishi nasi miaka mingi na kuoa kwetu. Mwaka uliofuata, 2014, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikaendesha Utafiti wa Nguvukazi Tanzania Bara nzima. Hatudai kwamba jibu lolote la utafiti ule lilipelekwa Uhamiaji. Tunaomba msomaji ajiweke tu mahali pa mwenye kibanja aliyebakiza kibarua mmoja nyuma ya nyumba, anayeulizwa na mgeni mwenye kitambulisho cha serikali: hapa kazi hufanywa na nani, naye anatoka wapi?

Hofu hiyo si ya washamba. Marekani yenyewe, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ililegeza kwa sheria ya mwaka 1942 usiri wa sensa yake, na mwaka 1943 ofisi ya sensa ikatoa majina ya watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi Washington, D.C. Ukweli huo ulithibitishwa na watafiti mwaka 2007, zaidi ya miaka 60 baadaye. Ndiyo maana tunadai ahadi ya usiri isiwe na mlango wa nyuma, hata siku ya operesheni, hata siku ya dharura.

Sasa upande wa pili, ambao tunaukasirikia zaidi.

Ipo siri ya mtu na ipo siri ya ofisi. Ya kwanza tutaipigania. Ya pili hatuitambui. Katiba yetu inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 16 na haki ya kupata taarifa katika ibara ya 18, na hatujaona popote inapoipa meza ya serikali faragha yake. Hata hivyo, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kuchapisha takwimu zinazopinga au kutilia shaka za serikali, adhabu yake faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3. Benki ya Dunia ikatoa tamko la wasiwasi, na mwaka 2019 Bunge likaviondoa vifungu hivyo. Tunalipongeza Bunge kwa hilo. Lakini woga una tabia ya kubaki baada ya sheria kuondoka. Ukienda leo kuomba jedwali la ajira la kata yako, unaweza kuulizwa kwanza: wewe ni nani, na unazitakia nini? Swali hilo tunataka life. Raia hana haja ya kujieleza ili asome hesabu iliyotokana na majibu yake mwenyewe.

Tunaambiwa ukosefu wa ajira umeshuka kutoka asilimia 10.3 mwaka 2014 hadi 9.0 mwaka 2020/21. Vema. Ila diwani wa Kamachumu au Kashai hawezi kupanga lolote kwa namba hiyo. Utafiti wa 2014 ulihoji kaya 11,520 Tanzania Bara nzima, na sampuli ya namna hiyo haiwezi kusema neno la uhakika juu ya kata moja. Sensa ya 2022 inaweza, kwa kuwa ilibisha hodi kila mlango na kuhesabu watu 2,989,299 katika Kagera. Maswali ya kazi yaliulizwa. Tunataka majibu yake yarudi yakiwa yamejumlishwa kata kwa kata: wangapi wanaishi kwa uvuvi, wangapi ni vibarua, vijana wangapi hawasomi wala hawana kazi.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na vuguvugu litakalojifanya haliuoni halitufai. Katika Manispaa ya Bukoba viwanda vya kahawa ya kuyeyuka, kama Tanica, ni vya kuhesabika. Jedwali likionyesha mishahara ya sekta hiyo katika Manispaa, limekwisha kutaja jina hata kama jina halikuandikwa. Kisiwani, ambako mwenye duka la dawa ni mmoja, wastani wa kipato cha wauza dawa ni mfuko wake. Watakwimu wanazo njia za kushughulikia hili: kisanduku chenye watu wachache mno hufichwa, na kisanduku cha pili hufichwa pamoja nacho ili mtu asipate cha kwanza kwa kutoa kwenye jumla, au kata mbili huunganishwa. Tunazikubali njia hizo. Tunachokataa ni zitumike kimyakimya. Kiwango kitangazwe kabla jedwali halijatoka, na kila kisanduku kitupu kiseme kwa nini ni kitupu: kimefichwa kwa ajili ya usiri, au jibu ni sifuri, au hatukuuliza. Leo alama moja ya kistari yaweza kubeba yote matatu, na nyuma ya kistari hicho ofisi vivu inaweza kujificha.

Kijiji nacho kina jina. Kuanzia 1991 hadi 1994 kaya 915 za Kagera zilihojiwa mara kwa mara katika utafiti mkubwa wa afya na maendeleo, uliobuniwa kupima madhara ya vifo vya watu wazima wakati UKIMWI ulipokuwa ukitumaliza. Watafiti walirudi 2004 na 2010, wakawafuata hata waliohama. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu, data zake hutolewa bila majina, na wachumi duniani kote wamejifunza kwetu, ikiwamo kwamba waliohama walipiga hatua kubwa kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki. Mwaka 2000 katika kijiji cha Nyakatoke, Wilaya ya Bukoba, kaya zote 119 ziliulizwa humtegemea nani wakati wa shida, na jina la kijiji likachapishwa katika majarida. Mgeni hawezi kumtambua mtu humo. Mwanakijiji anayejua kaya ipi ina watoto wangapi na ng'ombe wangapi anaweza kujaribu. Tunadai kila utafiti wa baadaye upimwe kwa macho ya jirani. Na tunauliza: ni wangapi Nyakatoke waliowahi kukalishwa chini ya mti wakasomewa, kwa Kihaya, walichokifundisha ulimwengu?

Tunataka pia fasili ziwekwe wazi. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, Geneva, uliamua kwamba anayelima hasa kwa chakula cha kaya yake anafanya kazi lakini hayumo katika ajira. Mama anayeamka alfajiri kupogoa migomba na kutandaza nyasi kibanjani anaweza kuhama kutoka safu moja hadi nyingine bila yeye kuhama hata hatua. Jedwali lolote lisiloeleza limemweka wapi halijafunguliwa, hata kama limebandikwa hadharani.

Tutaanza na barua. Kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, tutaiandikia Ofisi ya Taifa ya Takwimu na halmashauri zetu tatu, Manispaa ya Bukoba, Wilaya ya Bukoba na Muleba, tukiomba majedwali ya kazi ya sensa kwa kila kata pamoja na kanuni iliyotumika kuficha visanduku. Sheria inawapa siku 30 kujibu. Barua, muhuri wa kupokelewa na majibu yatakayokuja vitabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata. Anayetaka kuungana nasi aje na jambo moja tu: ahadi kwamba takwimu atazisema hadharani, na la jirani yake halitatoka kinywani mwake.