'Lala Mapema' Si Dawa

Katika nasaha zinazogawiwa bure nchini mwetu, sijui kama ipo iliyotolewa mara nyingi na kusaidia wachache kuliko hii: "Lala mapema, utaamka mapema." Mama humwambia mwanawe, mwalimu humwambia mwanafunzi, bosi humwambia karani aliyechelewa kuingia kazini, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni humwambia mgonjwa kisha akamwita anayefuata. Aliyeambiwa huitikia "sawa," maana atasema nini? Usiku ule ule usingizi unamjia saa tisa kama kawaida yake, na asubuhi anaitwa mvivu.

Namzungumzia mtu ambaye usingizi wake ni mzuri tu, ila unakuja kwa kuchelewa. Hashtukishtuki usiku wala haamki amechoka, mradi umwachie nafasi. Akiwa likizo na hakuna wa kumgongea mlango, atalala saa tisa usiku na kuamka saa tano asubuhi, mchangamfu, saa zake nane zimetimia. Mpe kazi ya kuanza saa mbili asubuhi na utamwona anasinzia juu ya meza hadi adhuhuri. Mtaani tuna maelezo matatu ya hali yake: ni mvivu, au ni simu, au kuna kitu kimemwingia. La tatu nawaachia wenyewe. Ugomvi wangu ni na hayo mawili ya kwanza, na hiyo dawa yao moja.

Tuanze na uvivu. Mwaka 1981 Elliot Weitzman na wenzake wa Hospitali ya Montefiore, New York, walichapisha habari za watu wa namna hii. Kati ya wagonjwa 450 waliowafikia wakilalamika kwamba hawapati usingizi, 30 walikuwa wanaupata vizuri kabisa, ila kwa saa ambazo dunia haikuzitaka. Walipokuwa hawana ratiba ya kuwabana walilala bila shida yoyote. Kinachoamua saa hizo ni kifundo cha seli kama 20,000 ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hicho ndicho saa ya mwili: kinapanga lini joto lishuke, lini homoni ya melatonini itoke, lini uzito wa macho uanze. Nayo saa hiyo haiendi saa 24 kamili. Charles Czeisler na wenzake wa Harvard waliipima kwa makini, na mwaka 1999 wakatangaza kuwa wastani wake ni saa 24 na dakika 11 hivi. Maana yake ni kwamba wengi wetu, pengine hata muadhini wa alfajiri, tungezidi kuchelewa siku hadi siku kama mwanga wa asubuhi usingekuwa unaturudisha.

Kuna ambao saa yao inakwenda polepole zaidi, na wengine wamezaliwa nayo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja, CRY1, linaipunguza mwendo saa ya mwili, na kwamba katika familia walizozichunguza wenye badiliko hilo walikuwa wakilala kwa kuchelewa kuliko ndugu zao wasio nalo. Aliyeongoza maabara hiyo, Michael Young, alipata Nobel mwaka huohuo, pamoja na Jeffrey Hall na Michael Rosbash, kwa kazi yao ya miaka mingi juu ya saa hizi ndani ya nzi wadogo wa matunda. Nzi, hebu fikiria. Hata nzi ana zamu zake, lakini kijana wa Temeke akichelewa kuamka tunamtafutia fimbo.

Sasa dawa yenyewe. Mwaka 1986 Peretz Lavie, mtafiti wa Haifa, Israeli, aliwapa watu nafasi ya kulala dakika chache chache, tena na tena, mchana na usiku, apate kuona ni wakati gani usingizi unakubali na wakati gani unakataa. Akakuta kwamba saa mbili tatu kabla ya muda ambao mtu amezoea kulala ndipo usingizi unapokataa kabisa, hata kwa aliyekesha usiku uliotangulia. Mwili unajikaza kwa mara ya mwisho kabla ya kulegea. Basi mpigie hesabu huyu wa saa tisa. Kipindi chake cha kukataa kinaanza kama saa sita usiku. Ukimwamuru awe kitandani saa nne, umemlaza macho makavu, na usingizi ukija kumkaribia kidogo, muda wa kukataa nao unawadia.

Anazima taa. Feni inakwaruza. Anasikia bajaji ya mwisho ikiingia mtaani, mwenye nyumba akifunga geti, panya juu ya dari, jogoo wa jirani asiyejua saa akiwika usiku wa manane. Anageuza mto upande wa baridi. Anahesabu zimebaki saa ngapi, na hesabu hiyo inazidi kumkaza. Mfululize kwa wiki kadhaa za namna hii na utakuwa umemwongezea ugonjwa ambao hakuwa nao: sasa akikiona kitanda tu, moyo unamwenda mbio. Hii ndiyo faida ya nasaha yetu.

Hapo mzee mmoja atasafisha koo aseme kwamba zamani watu walilala na kuku. Mzee wangu, shikamoo, lakini tumeuliza. Kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao wengi wao bado wanalala bila umeme, na watafiti wamewavalisha vifaa vya mkononi vya kupima usingizi. Utafiti wa mwaka 2015 uliowahusu wao pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia ulikuta kwamba kwa wastani watu hao hulala saa tatu na ushei baada ya jua kuzama. Kuku alishalala zamani. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walitoa matokeo ya Wahadzabe watu wazima 33 waliofuatiliwa kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Huyu alilala mapema, yule alichelewa, mwingine aliamka usiku kuchochea moto, na wenye umri mkubwa walikuwa na zamu tofauti na vijana. Watafiti wanaona hiyo ndiyo iliyokuwa salama ya kambi: daima yupo aliye macho simba akija. Nami nakubaliana nao. Mchelewaji wa leo ni mlinzi ambaye kambi yake imejengewa ukuta na kuwekewa umeme, kisha akaambiwa hana kazi.

Habari ya simu nitaikubali nusu. Wale 30 wa mwaka 1981 hawakuwa na simu mkononi, kwa hiyo anayedhani ukimnyang'anya mtoto simu umemponya asishangae kumkuta macho saa nane akitazama dari. Lakini mwanga wa usiku, uwe wa simu, wa televisheni au wa taa nyeupe ya sebuleni, unaiambia saa ya mwili kwamba bado mchana, nayo inasogea mbele. Mwaka 2013 Kenneth Wright wa Colorado aliwapeleka watu wanane kupiga kambi milimani kwa wiki moja, mwanga wao ukiwa jua na moto wa kuni peke yake. Saa zao zilirudi nyuma kiasi cha saa mbili, na waliokuwa wachelewaji zaidi ndio waliorudi zaidi. Watu huishika nusu moja ya habari hii, ile ya giza la usiku, wakaitupa nusu ya pili: kambini walipata mwanga wa mchana mara nne zaidi ya waliokuwa wakipata mjini. Ofisini na sebuleni kwetu, kwa kipimo cha luksi, mwanga ni mia moja au mia tatu. Nje asubuhi, hata kukiwa na mawingu, unafika maelfu. Tunawaweka watoto gizani mchana na kwenye mwanga usiku, halafu tunaulaumu usingizi.

Ndiyo maana nasema saa ya mwili hairekebishwi usiku kitandani, inarekebishwa asubuhi nje. Ila na hapa pana mtego, na huu ndio unaowaangusha wenye bidii. Mwanga una pande mbili. Ukikupata baada ya joto la mwili kufika chini kabisa, yaani kuanzia saa mbili tatu kabla ya wewe kuamka mwenyewe, unairudisha saa nyuma ili kesho ulale mapema. Ukikupata kabla ya hapo unaisukuma mbele, uzidi kuchelewa. Sasa mchukue aliyezoea kuamka saa sita mchana. Joto lake linafika chini kabisa kwenye saa tatu au saa nne asubuhi. Kesho anaazimia kuwa mtu mpya, anaweka kengele ya saa kumi na moja, anakwenda kukimbia ufukweni jua likichomoza. Amejitia mwanga katikati ya usiku wake. Wiki inapita na anakuta mambo yamekuwa mabaya zaidi, na sisi tunamcheka kwamba nia yake ilikuwa ya maji.

Njia yenye mashiko haina ushujaa. Aanze pale alipo. Akiamka saa tano, saa hiyohiyo atoke nje akae kwenye mwanga nusu saa au zaidi, bila miwani ya jua, na bila kulikodolea jua lenyewe. Kila baada ya siku moja au mbili asogeze kuamka nyuma kwa nusu saa, na mwanga ufuate. Kitandani aende macho yakiwa mazito, na muda huo utasogea wenyewe. Jioni apunguze taa. Jumamosi na Jumapili ziwe kama Jumatatu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwani asubuhi mbili za kulala hadi adhuhuri zinatosha kurudisha nyuma kazi ya wiki. Kukesha usiku mzima "ili nijirekebishe" kunampa usingizi mzito wa usiku mmoja, basi, na saa inabaki ilipokuwa. Vidonge vya usingizi na pombe vinaangusha mtu bila kuigusa saa. Melatonini inaigusa, lakini kwa dozi ndogo na ikimezwa saa kadhaa kabla ya usingizi, si wakati wa kupanda kitandani, kwa hiyo aongee na daktari anayejua tofauti hiyo. Na wapo, hasa wale wenye saa ya kurithi, ambao hata wakifanya yote haya watabaki wachelewaji kidogo maisha yao yote. Hao wanahitaji kazi ya zamu ya mchana, hawahitaji mahubiri.

Bahati yetu ni kwamba dawa hii ya mwanga wa asubuhi kwetu ni bure. Dar es Salaam jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na dakika 40, mwaka mzima. Helsinki mwezi Desemba linasubiriwa hadi saa tatu na ushei asubuhi, na watu hununua taa maalumu za luksi 10,000 ili wakae mbele yake wakinywa kahawa.

Waislamu wanaijua kazi hii ya kuirudisha saa hata kama hawaiiti hivyo. Ramadhani inapokwisha, tarawehe na daku vimeshasogeza usingizi, na Idi ikipita mtu anajikuta macho saa nane usiku bila daku ya kuamkia. Hakuna anayemwita jirani yake mvivu katika wiki ile, kwa kuwa kila nyumba inapambana na jambo lilelile. Uvumilivu huo ungetosha kwa miezi iliyobaki.

Wanaouhitaji zaidi ni wanafunzi. Balehe huisogeza saa ya mwili mbele, jambo ambalo Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ameliandika kwa miongo mingi, na hali hiyo huendelea hadi kwenye umri wa miaka 20 hivi ndipo inapoanza kurudi. Umri huohuo ndio tuliouchagulia kengele ya saa kumi alfajiri. Pita katika bweni la shule inayosifiwa kwa kufaulisha, ingia darasani wakati wa masomo ya alfajiri, utamkuta msichana wa kidato cha tatu ametumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili asilale, kitabu cha kemia mbele yake, macho yamepita mstari uleule mara tano. Mwalimu wa zamu anasinzia dirishani. Tunaita hii nidhamu.

Kenya iliandika dawa katika sheria: Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo yaanze saa mbili asubuhi na bweni lipumzike kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili. Wazazi wa Kenya wanajua ni shule ngapi zinazozitii. Seattle, Marekani, mwaka 2016 walisogeza kengele ya sekondari kutoka saa moja na dakika 50 hadi saa mbili na dakika 45, na wanafunzi wakapata dakika 34 zaidi za usingizi kila usiku wa shule. Hawakujiongezea kukesha, kama wengi walivyotabiri. California ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022: sekondari za juu zisianze kabla ya saa mbili na nusu.

Wakuu wa shule, ondoeni masomo ya alfajiri muhula ujao, kisha mlinganishe matokeo. Nawe mzazi mwenye kijana wa saa tisa, usimwamuru alale saa tatu usiku wa leo. Subiri aamke, kisha kabla hujaanza maneno, mpe kikombe cha chai akanywee nje.