Usimkimbize mtoto kileleni

Msomaji, ukijaliwa kuipeleka familia likizo ya kupanda milima huko Zermatt, Uswisi, usidhani kwamba hatari pekee ni kuteleza mwambani. Kijiji hicho kiko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, kwa hivyo mtajihisi mko nyumbani. Lakini magari ya nyaya huwafikisha watalii mita 3,883 kwa muda mfupi mno. Huko hewa ni nyepesi, na mwili haujapata nafasi ya kuizoea.

Mtu mzima atasema kichwa kinamuuma. Mtoto mdogo hawezi. Atalia, atakataa chakula, atatapika. Wazazi hudhani ni uchovu au baridi. Kwa maoni yangu, dalili hizo zikizuka baada ya kupita mita 2,500, zichukuliwe kuwa ugonjwa wa mlimani. Tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama tiketi iliwagharimu pesa nyingi.

Siku za kwanza tembeeni njia za chini, na usiku mlale kijijini. Haraka haraka haina baraka.