Ugonjwa Mmoja, Sheria Mbili

Wapo wenzetu, na baadhi yao ni watumishi wa umma wenye shahada za sheria, ambao hadi leo hushikilia kwamba hasara iliyoletwa na ugonjwa wa Uviko mwaka 2020 haikuwa na mwenyewe. Ugonjwa, wasema, ni kudra. Mkataba ni mkataba. Aliyeumia na alie na bahati yake. Hoja hii yapasa ipingwe waziwazi, maana ndiyo itakayotumika tena siku ofisa wetu atakapowekewa karatasi mezani na kuombwa atie sahihi upesi.

Tuanze na yaliyowapata wenzetu wa Bangladesh. Mwezi Machi 2020 maduka makubwa ya nguo ya Ulaya na Marekani yalifunga milango, na mara barua zikaanza kumiminika Dhaka: oda hii imefutwa, ile imesimamishwa, hata zile ambazo mashati yake yalikwisha kushonwa na kukunjwa. Chama cha wenye viwanda vya nguo cha nchi hiyo kilihesabu oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, na wafanyakazi zaidi ya milioni 2 walioguswa, wengi wao wanawake. Baadhi ya wanunuzi waliegemea kile kifungu kinachosema kwamba likitokea janga lisilozuilika mtu hadaiwi. Lakini hebu tutazame nani alikuwa ametoa nini. Mwenye kiwanda alikwisha kununua kitambaa; mshonaji alikwisha kutoa jasho lake; mnunuzi, kwa desturi ya biashara hiyo, alikuwa hajatoa senti, kwa kuwa malipo hufuata baada ya shehena kusafirishwa. Aliyekuwa hajatoa kitu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia kudra! Ni kweli kwamba baada ya makelele ya vyama vya wafanyakazi makampuni kadhaa yalirudi kulipa. Yalilipa kwa aibu. Hayakulipa kwa kushurutishwa na sheria.

Je, Bangladesh haikuwa na sheria? Ilikuwa nayo, tena ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo Tanzania. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, waliyorithi wao, kimo pia katika Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kwa namba ile ile. Chasema kwamba mkataba hufa pale tendo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani kabisa. Kupungua kwa faida si kutowezekana, na mahakama za mapokeo hayo zimelisema hilo mara nyingi. Kifungu cha 65 chaongeza kwamba aliyekwisha kupokea faida ya mkataba uliokufa hana budi airudishe au afidie. Sheria nzuri, lakini haina nguvu ikiwa mkataba umeandikwa kwamba shauri litaamuliwa London au New York kwa sheria ya huko, na mshonaji hana nauli ya kufika hata mlangoni.

Wale wanaodhani kwamba kudra huwaangukia wote sawasawa watazame mwenendo wa kampuni ya Total ya Ufaransa. Mwezi Februari 2020 mnunuzi wa Kichina wa gesi aliiandikia kwamba ugonjwa umemzuia kupokea shehena. Total ilikataa katakata. Miezi michache baadaye kampuni yake tanzu ya kuuza umeme ikasimama mbele ya Mahakama ya Biashara ya Paris na kudai kwamba ugonjwa ule ule umeiondolea wajibu wa kununua umeme wa shirika la EDF kwa bei waliyopatana, wakati bei ya sokoni imeshuka. Tarehe 20 Mei 2020 mahakama iliikubalia. Kwa nini? Kwa sababu mkataba ule ulitaja kutoweza kutimiza wajibu katika hali ya kiuchumi iliyo ya busara. Maneno machache tu, lakini kuna mtu aliyekaa akayaandika mapema.

Afrika Kusini nayo ilitia sahihi mikataba ya chanjo chini ya masharti ya siri. Asasi ya Health Justice Initiative ilibidi iende mahakamani, na ni mwezi Agosti 2023 tu Mahakama Kuu ya Pretoria ilipoamuru mikataba hiyo ifunuliwe. Ndipo wananchi walipoona kwa macho yao kwamba serikali ilikubali kubeba madai ya watakaodhuriwa, na pia ilikubali kutozuia chanjo zilizojazwa kwenye chupa nchini humo zisipelekwe nje. Mwaka 2021 mamilioni ya dozi yaliondoka Gqeberha kwenda Ulaya huku wazee wa nchi hiyo wakingoja zamu.

Na sheria ya mataifa je? Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zafunga nchi 196. Zaamuru nchi itoe taarifa ya tukio la hatari katika saa 24 baada ya kulipima. Lakini zinapofika kwenye wajibu wa kusaidiana, zasema nchi zishirikiane kwa kadiri iwezekanavyo. Mwenye kutoa taarifa amepewa saa; mwenye kutoa msaada amepewa nafasi ya kujitetea. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini ilitimiza wajibu wake na kutangaza aina mpya ya kirusi, ambayo baadaye iliitwa Omicron. Siku mbili baadaye Marekani ilitangaza kuwafungia milango wasafiri wa nchi nane za kusini mwa Afrika. Kumbe sampuli za Uholanzi za tarehe 19 na 23 mwezi huo zilikuwa na kirusi hicho hicho. Uholanzi haikuongezwa katika orodha ile.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, kila mkataba wa ununuzi unaopita mikononi mwenu na useme waziwazi: ukizuka ugonjwa, nani atalipia kazi iliyokwisha kufanywa, shauri litasikilizwa wapi, na nani ana haki ya kuusoma. Walimu wa uraia nao wawafundishe vijana kusoma vifungu hivi vya mwisho, ambavyo huandikwa kwa herufi ndogo. Na wajumbe wetu wa Geneva wakumbuke kwamba Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko uliopitishwa tarehe 20 Mei 2025, baada ya kuidhinishwa katika kamati kwa kura 124 bila ya kura ya kuupinga, wataja asilimia 20 ya chanjo na dawa zitolewe kwa Shirika la Afya Duniani wakati wa dharura, angalau nusu yake bure. Lakini namna ya kuzitoa iliachiwa kiambatisho, na ikaamuliwa kwamba mkataba usifunguliwe kutiwa sahihi mpaka kiambatisho hicho kipitishwe. Wakikuta humo maneno kwa kadiri iwezekanavyo, wayafute.