Meza ya Maji Ilikwisha Kukunjwa

KUTOKA CHINI YA MLIMA
Na Mwanaidi Shechambo

Kilomita ya 16, juu ya kilima cha tatu, nilikuta vikombe vimetapakaa barabarani na alama nne za miguu ya meza kwenye vumbi. Meza yenyewe ilikuwa imekwisha kukunjwa na kupakiwa kwenye pikapu, na kijana alikuwa anakaza kamba.

"Shikamoo, mama," alisema. "Tulidhani wameisha."

"Marahaba. Bado tupo."

Nyuma yangu walikuwa wawili: binti wa chuo aliyekuwa anachechemea, na baba mmoja mnene ambaye tangu kilomita ya kumi alikuwa akitembea vilimani na kukimbia miteremkoni, kwa utulivu wa mtu aliyepiga hesabu zake mapema. Kijana wa pikapu alifungua kamba akatutafutia chupa moja ya maji. Tuligawana watatu.

Ilikuwa saa nne kamili asubuhi. Mbio za kilomita 21 zilianza saa moja, na fomu niliyojaza na kulipia ilisema mstari wa mwisho utafungwa baada ya saa nne, yaani saa tano. Nilifika saa tano kasoro dakika nane. Geti lile la kujaza upepo lilikuwa limelala chini kama turubai, saa kubwa imezimwa, spika zinapakiwa. Kijana mwingine mwenye katoni tupu akaniambia, "Medali zimekwisha, mama. Tuandikie namba yako ya simu." Niliandika. Binti naye aliandika, yule baba naye. Hakuna aliyepigiwa. Matokeo yalipotoka jioni, majina yetu matatu hayakuwemo.

Mbio hizo sizitaji, na mkoa siutaji. Waandaaji wake ni watu wenye nia njema, na walichonifanyia nimekiona kwingine pia. Nimekaa na jambo hili miezi minne kabla ya kuliandika, kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama linaniuma kwa kuwa ni langu au kwa kuwa ni baya. Nimeridhika kuwa ni baya.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 41, daktari aliponiambia presha imepanda. Leo nina 52. Nakaa Korogwe, na Jumamosi hupanda gari hadi Mombo, kisha naanza ile barabara ya Lushoto kwa miguu. Anayeijua anajua ninachosema. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na Lushoto ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo barabara inakupandisha karibu kilomita moja nzima kwenda juu, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mimi huishia Soni, kwenye maporomoko, kisha nateremka.

Miezi ya mwanzo niliivamia kona ya kwanza kama ninayegombana nayo, na kufika ya tatu nilikuwa nimeinama natapika. Nilichukua muda kuelewa kwamba kilima kina mwendo wake na ni wewe unayetakiwa kuutafuta. Unafupisha hatua mpaka zinakuwa kama za mtu aliyebeba ndoo kichwani. Macho unayaweka mita tatu mbele, hutazami juu. Pale mwinuko unapokuwa mkali unatembea, mikono juu ya mapaja, na hakuna aibu ndani yake. Nimeshawapita wanaokimbia huku mimi nikitembea. Pumzi ndiyo inayokuamuru. Ukishindwa kusema sentensi moja nzima, umezidisha.

Kuteremka ndiko kunakoumiza. Watu hudhani mteremko ni mapumziko, kumbe misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua, inavutwa huku imebeba uzito wako wote, na siku ya pili yake ngazi za shule nazishuka kinyumenyume. Kucha za vidole vikubwa zimeshanitoka mara mbili. Msimu wa masika udongo mwekundu wa njia za ndani, zile zinazopita katikati ya migomba na mikaratusi, unateleza kama sabuni, na hapo unajifunza kuchagua pa kukanyaga kabla mguu haujafika.

Pale Soni kuna bibi anayeuza mapeasi. Mara ya kwanza aliponiona aliniuliza, "Unakimbilia nini, mwanangu, na magari yapo?" Nilimweleza habari ya presha. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata nilikuta kidumu kidogo cha maji kimewekwa kivulini, na tangu hapo kipo kila Jumamosi. Siku moja mvua ilinichelewesha Mombo karibu saa nzima. Nilipofika nilimsalimia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umechelewa."

Nimeshapewa vikombe vya maji kwenye mbio nyingi, nimepigiwa makofi Moshi nikipanda kuelekea Mweka, ambako tangu mbio za Kilimanjaro zianze mwaka 2003 wakazi wamezoea kutoka nje na kutushangilia hata sisi tusio na kasi. Yote hayo nayashukuru. Lakini maneno ya bibi yalinigusa zaidi. Ili aseme nimechelewa, ilimbidi awe ananihesabu.

Baiskeli iliingia baadaye, kwa sababu ya magoti. Agosti ya mwaka juzi tulitoka Moshi watu 28 kwenda Tanga, takriban kilomita 350 kwa siku tatu: Moshi hadi Same, Same hadi Mombo, Mombo hadi baharini. Yalikuwa matembezi ya baiskeli tu, hayakuwa mashindano, na ada ilitosha chakula na mafuta ya gari moja la mizigo. Agosti ni msimu wa kusi. Upepo unatoka baharini na kukujia usoni tangu asubuhi, na kwenye zile tambarare za Same na Hedaru hakuna mti wa kukukinga. Kwenye kilima unaona mwisho wa taabu yako; upepo hauonyeshi mwisho. Ndiyo maana waendesha baiskeli hujipanga kwa mstari, tairi karibu na tairi, aliye mbele anapasua upepo kwa dakika chache kisha anarudi nyuma na mwingine anashika. Aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi sana. Aliyeachwa na mstari anapambana na upepo wote peke yake, na ndivyo anavyozidi kuachwa.

Mimi niliachwa siku ya pili, baada ya Hedaru. Nilipata pancha, wenzangu watatu walisimama wakanisaidia kubandika kiraka, lakini tulipoanza tena sikuweza kuishika kasi yao, nikawaambia waende. Mabasi yalikuwa yananipita karibu kiasi cha kuhisi joto la injini, na pembezoni lami imevunjika, ukishuka ghafla tairi linakatika. Nikaanza kulia huku nakanyaga pedeli. Ndipo nilipomsikia mtu nyuma.

Alikuwa fundi baiskeli wa makamo ya miaka 64, ana pampu imefungwa kwenye fremu na mfuko wa spana kiunoni. Kazi yake katika safari nzima ilikuwa moja: kuwa nyuma. Alikuwa hajanipita kwa sababu hakuruhusiwa kumpita mtu yeyote.

"Mwalimu, usihesabu walio mbele," alisema. "Mimi niko nyuma yako, basi wewe si wa mwisho."

Akapita mbele, akaniambia niweke tairi langu nyuma ya lake. Tulikwenda hivyo mpaka Mombo, yeye akipasua upepo. Ukishakutana na mtu wa namna hiyo, unaelewa kwamba kumjali wa nyuma ni jambo la mpangilio. Mtu alikaa chini kabla ya safari akajiuliza nani atakuwa nyuma, akampa mtu kazi hiyo kwa jina.

Wapo waliolifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Ufaransa kuna safari ya baiskeli ya Paris-Brest-Paris, kama kilomita 1,200, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano na leo hufanyika kila baada ya miaka minne kwa watu wa kawaida. Anayetaka muda mrefu zaidi hupewa saa 90. Kama mwalimu wa hesabu nimeigawa: ni kilomita 13 na kidogo kwa saa, usingizi na chakula vikiwemo. Kila kituo kina saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa, na kadi yako inapigwa muhuri. Ukifika ndani ya muda, umemaliza sawa na kila aliyemaliza. Hakuna nafasi ya kwanza wala ya elfu. Usiku wanavijiji hutoa meza zao barabarani na kahawa, na hawaangalii nani anapita saa ngapi.

Afrika Kusini kuna Comrades, kama kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, iliyoanza mwaka 1921 na watu 34, wakamaliza 16. Kikomo ni saa 12. Dakika ya mwisho mtu anasimama kwenye mstari akiwapa mgongo wakimbiaji, asione nani yupo hatua mbili nyuma, na kupiga bunduki. Aliyechelewa kwa sekunde moja amechelewa. Ni ukali mkubwa, na mimi nauunga mkono. Kikomo kilichotangazwa kinaheshimiwa mpaka sekunde yake ya mwisho, na taifa zima linakaa mbele ya televisheni kuangalia watu wa mwisho wakiingia.

Na sisi tunaye John Stephen Akhwari. Tunasimulia sana habari zake, jinsi alivyoanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, goti likaumia, akaendelea. Maneno aliyoyasema baadaye tunawafundisha watoto. Mimi siku hizi ninayemfikiria ni mtu mwingine, ambaye simjui hata jina. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Walioanza ni 75, wakamaliza 57. Giza linaingia, watu wengi wameondoka uwanjani, na bado pale mstarini kuna mtu ana saa na kalamu. Ndiyo maana leo tunajua kwamba Akhwari alimaliza wa 57, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Mtu huyo angekunja meza, tungebaki na hadithi ya shujaa asiyekuwa na muda.

Najua upande wa pili. Polisi wanataka barabara ifunguliwe. Vijana wa kujitolea wameamka saa tisa usiku. Mdhamini anataka picha za mshindi, na picha hizo zimepatikana saa mbili asubuhi. Kama saa nne ni nyingi mno, andikeni saa tatu kwenye fomu, nami nitaamua nyumbani kama nije au nisije. Mkishaiandika, acheni maji, saa na mtu mwenye kalamu mpaka itimie. Medali zihesabiwe kwa idadi ya waliolipa. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Kwenye milima jambo hili ni zaidi ya heshima. Mei 2021, mkoani Gansu nchini China, wakimbiaji 21 walikufa kwenye mbio za kilomita 100 za milimani, baada ya upepo, mvua na baridi kali kuwashukia wakiwa na nguo nyepesi. Mchunga kondoo aliyekuwa amejificha pangoni ndiye aliyewaokoa sita. Uingereza, kwenye mbio za milima za kaskazini ambazo ada yake ni ndogo na hazina spika wala geti, kila mkimbiaji huhesabiwa anapoanza na anapomaliza, na anayeacha njiani lazima aende mwenyewe mstarini akaripoti kabla ya kurudi nyumbani. Siku ile ya kilima cha tatu, kama binti wa chuo angekaa chini kwenye migomba akazimia, nani angejua? Pikapu ilikuwa imeshapakia. "Tulidhani wameisha" maana yake ni kwamba hakuna aliyekuwa na orodha mkononi.

Siku ya tatu ya ile safari ya baiskeli tulipita mashamba ya mkonge, tukakata Segera, na jioni tukaanza kunusa bahari. Nilikuwa nyuma tena, fundi nyuma yangu. Tulipofika Raskazone, pale Tanga, jua lilikuwa linazama. Baiskeli 26 zilikuwa zimeegeshwa kwenye ukuta, na wenyewe wamekaa wanatungoja, chakula bado kimefunikwa. Kijana mmoja alikuwa na daftari la shule.

Fundi alishuka, akaegesha, akafuta uso kwa kofia. Kisha akamwendea kijana.

"Jina la Mwalimu umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Na saa?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini."

Akaangalia mwenyewe kwenye daftari, kidole juu ya mstari wangu. Ndipo akataja jina lake, liandikwe chini yake.